Unataka kuwa mtafiti wa jiodesia? Anza na karatasi ya fildi

Shangazi yangu wa Temeke mpaka leo anajua mimi ni mpima viwanja. Tukikutana msibani au kwenye harusi lazima aniulize kiwanja chake cha Chanika nakuja kukipima lini, na nishaacha kubisha, maana nilijaribu mara moja kumweleza kwamba nafundisha chuo na natafiti jiodesia, yaani umbo la dunia na jinsi ardhi inavyosogea, akaniangalia kwa huruma akasema "haya baba, Mungu atakusaidia utapata kazi."

Sasa madogo wa mwaka wa nne wananifuata wanauliza wabaki chuo wasome masta au waende zao mtaani kupima. Kabla sijajibu huwa nawasimulia nilivyoua pepa yangu ya kwanza.

Nilikuwa masta, na swali letu lilikuwa hili: hapa pwani bahari inapanda au nchi kavu inashuka? Kipimo cha maji kimefungwa kwenye ardhi, ardhi ikishuka nacho kinashuka, ukikisoma utadhani maji ndio yamepanda. Kwa hiyo unaweka risiva ya GPS (kifaa cha kupokea signali za satelaiti) jirani, unaiacha inasikiliza satelaiti siku kadhaa, mwakani unarudi kwenye nukta ileile unalinganisha. Bahari duniani inapanda kama milimita 3 mpaka 4 kwa mwaka, yaani kama unene wa sarafu mbili, na wewe unautafuta kwa satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu. Ndio mchezo wenyewe huo.

Mwaka wa kwanza supavaiza alipima mwenyewe. Wa pili akaniachia. Nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tripodi begani, betri ya gari nimeikumbatia kama mtoto, nikaseti juu ya bikoni, ile alama ya kudumu iliyofukiwa ardhini, nikavuta tepu mpaka kwenye antena nikaandika mita 1.512. Siku tatu nalala kibandani kwa mlinzi, chai ya rangi na vitumbua asubuhi, usiku naamka kuangalia kama taa ya risiva bado inawaka. Nikarudi najiona bingwa. Kuchakata data, namba zinasema nukta imezama sentimita nzima ndani ya mwaka mmoja! Aisee nilifurahi, nikaanza kuandika pepa usiku huohuo.

Mzee, yaani supavaiza, hakusema kitu, aliomba tu karatasi ya fildi, ile unayoandikia vipimo ukiwa kazini. Akaiangalia, akauliza "hii 1.512 umepima wima au mshazari?"

Nikakaa kimya. Sikuwa nimeandika. Ukivuta tepu kutoka bikoni mpaka ukingo wa antena unapata mshazari, na kwa antena ile 1.512 ya mshazari ikigeuzwa wima inakuwa kama 1.502. Sentimita moja hiyo hapo. Kigamboni haikuzama popote, nilizama mimi.

Kwa hiyo dogo, andika. Aina ya antena, namba ya risiva, wima au mshazari, saa uliyowasha, umepima urefu kabla na ukapima tena kabla ya kufungua. Piga picha tepu ikiwa palepale, simu si unayo? Data yetu inaanza kuwa na maana baada ya miaka mitatu, minne, na atakayeitumia labda ni mtu ambaye sasa hivi yuko shule ya msingi, huyo hawezi kukupigia kukuuliza.

Kingine, chagua tatizo la nyumbani. Sisi tuko latitudo ya 6 na kitu kusini, jirani na ikweta, na jua likishazama ionosifia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, inachafuka, signali za satelaiti zinatetemeka na risiva inapoteza baadhi yake. Wenzetu Ujerumani kuipata hali hiyo wanasafiri, wewe unaipata ukiwa umekaa barazani. Bonde la Ufa nalo linapanuka milimita chache kwa mwaka na liko hapahapa kwetu, sielewi mtu wa Dar anaandika tasnifu ya nini kuhusu milima ya Alps huko Ulaya.

Na usiniambie huna risiva. Data za vituo vya IGS, mtandao wa dunia wa risiva za kudumu, ni bure, Malindi Kenya ipo, Mbarara Uganda ipo, unapakua faili za RINEX (muundo wa kawaida wa data za risiva) unachakata na programu ya RTKLIB ambayo nayo ni bure, na inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Mimi nimejifunzia humo, bando la usiku.

Hela? Mshahara wa chuo utakula na utalipa kodi ya nyumba, basi. Vibarua vya upimaji vitakuja na vinalipa haraka, chukua, ila likizo tu, kwa sababu nimeona watu wenye akili kunizidi wamemaliza miaka saba kwenye PhD huku gari lao limejaa bikoni. Na chukua advansi kwanza. Kuna kampuni moja nilipimia, mpaka leo wanasema "wiki ijayo Dokta".

Halafu Chanika nilienda mwishowe, maana binamu yangu alipiga simu anapiga kelele kwamba shangazi katapeliwa. Kachukua namba za ramani ya upimaji ya zamani, kaziingiza kwenye apu ya simu, kiwanja kikaangukia shamba la mihogo la watu. Nikamuuliza ramani imeandikwa nini pale chini? Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba. Simu yenyewe inatumia mfumo mwingine, WGS84 wa GPS, na kati ya hiyo miwili huku kwetu kuna karibu mita 300 za tofauti. Nikageuza namba, nikatembea na risiva mpaka kwenye kichaka, nikafukua kidogo kwa jembe, bikoni hii hapa na namba yake.

Shangazi akashangilia akanipa kuku mzima. Tunaagana getini ananishika mkono, "sasa baba, si ungetafuta ofisi hata hapa Chanika, watu wa kupimiwa wako wengi."