Kabla hujaja kujenga Mukuru

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana nikishafunga duka. Unasema vijana wa kanisa lenu la hapo Nakuru wanakuja Nairobi kwa wiki moja kukarabati nyumba Mukuru kwa Njenga, nawe umeshaandikishwa, ila roho inakusuta: "Mama, mimi ni mhasibu, hata msumari sijawahi kupigilia. Si heri nitume hiyo nauli na pesa ya chakula, walipwe mafundi wa huko huko?"

Umeuliza vizuri. Hapa mtaani Pipeline, jirani na Mukuru, kabla sijafungua duka, vijana wa Mukuru hupita makundi kwa makundi kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda wakitafuta kibarua cha siku. Wengi hurudi jua likiwa bado halijapanda, mikono mitupu, na kati yao wapo wanaoujua mjengo vizuri sana. Sasa likija kanisa na kufanya bure kazi ambayo wao wangelipwa, hapo tumemsaidia nani? Kwa hiyo muulize kiongozi wenu: fundi ni nani? Akikujibu "ni sisi wenyewe", baki Nakuru utume pesa. Akisema wamemwajiri fundi wa mtaani na nyinyi mtakuwa watu wake wa mkono, mkoroge simiti, mpandishe mbao, mshike upande wa pili wa bati, njoo. Kazi ya mkono utaifundishwa asubuhi moja.

Hilo la fundi ni rahisi. Linalonikosesha raha ni la mwenye nyumba. Mukuru watu wengi ni wapangaji. Chumba ni kimoja, cha mabati juu hadi chini, na mwenyewe mara nyingi haishi hapo. Huja kuchukua kodi tu, au humtuma mtu. Mkimwekea mama paa jipya na sakafu ya simiti, chumba kimepanda hadhi, na kodi nayo itapanda. Yule mama mliyeomba naye atafungasha vyombo, na aliyejengewa atakuwa ni landilodi. Nimewaona wateja wangu wakihama hivyo. Viongozi wenu wakae na mwenye ploti, mzee wa mtaa akiwepo, kabla ya msumari wa kwanza kununuliwa, wakubaliane kwa maandishi kodi isiguswe kwa muda gani. Hapo ndipo mhasibu anapofaa kuliko seremala. Karatasi hiyo iandike wewe, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Waulize pia nyumba ziko umbali gani kutoka Mto Ngong. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya meta 30 kutoka mtoni, Mathare na huku Mukuru pia. Kupiga bati jipya kwenye nyumba inayongoja tingatinga ni kuitupa sadaka ya watu. Pimeni kwa futi kamba, msikadirie kwa macho.

Sasa ya dukani, maana hapa nimekaa miaka mingi kaunta. Vikundi vya kanisa hupenda kununua bati la geji 32 wakidhani namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume: 32 ni jembamba, 30 limelizidi kwa unene, 28 ni nene zaidi. Bati jembamba likikanyagwa hubonyea, na mnaokanyaga ovyo ni nyinyi wageni. Juu ya paa weka mguu kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake ndiko kuna mbao. Msumari wa bati nao hupigiliwa mgongoni pa bati, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Na kabla hamjang'oa kitu, muulizeni mama mwenyewe. Anajua kila mahali anapotega sufuria mvua ikinyesha, na huenda haja yake ni mabati mawili tu na mtaro mbele ya mlango. Wengine huja na mpango wao kutoka ofisini, wanabomoa paa zima, kisha Ijumaa inafika kazi haijaisha na basi linangoja. Nyumba mbili zilizokamilika zinatosha.

Picha mpige kwa ruhusa, na watoto muwaache.

Ukiamua kuja, njoo siku moja kabla ya wenzako ulale hapa kwangu. Viatu viwe vya kufunika vidole na soli ngumu, na sindano ya pepopunda uchomwe kabla hujapanda matatu. Mwambie kiongozi wenu anipigie simu kabla ya kununua mabati. Simtafuti mteja, ingawa akija kununua kwangu sitamfukuza.

Mama yako