Ganda la maiki halipigi blues

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mombasa, huu ni mwaka wa nne napiga harmonika, blues hasa. Nina amplifaya ndogo ya vali (zile taa za kioo za zamani), wati 5. Kuna mtu Marekani anauza maiki ya zamani, Astatic JT-30, anasema imejaribiwa na ina sauti kali ajabu. Mwingine anauza Shure Green Bullet ya zamani pia, bei iko juu kidogo. Ninachotafuta ni ile sauti nene, yenye mikwaruzo, ya Little Walter, yule mpiga harmonika wa blues wa Chicago. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba. Kwanza nikuulize mimi: huyo wa JT-30 amekuonyesha picha ya ndani? Maana barua kama yako napata kila mara, na picha zinazoambatana nazo zinafanana: ganda limesuguliwa hadi linang'aa, limelazwa juu ya kitambaa cheusi, wavu wa mbele unameremeta. Ndani hakuna aliyefungua. Sasa ganda ni chuma tu. Unachonunua ni elementi, kile kidude cha duara kilichokaa nyuma ya wavu, na muuzaji asiyekionyesha ana sababu zake.

JT-30 asilia ina elementi ya fuwele. Fuwele hiyo ni chumvi ya Rochelle, ileile ambayo zamani watu waliinywa kama dawa ya kulainisha choo. Ukiipinda kidogo inatoa umeme. Ndugu wawili wa familia ya Curie walilionyesha hilo Ufaransa mwaka 1880. Sauti inatikisa kiwambo, yaani utando mwembamba wa mbele ya elementi, kiwambo kinaipinda fuwele, umeme unatoka. Hakuna koili, hakuna sumaku. Ni kitu kizuri sana kikiwa kizima, sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni kwamba chumvi ni chumvi. Inanyonya unyevu. Ikipata joto la nyuzi 55 hivi inavunjika muundo wake, na ikishavunjika hairudi. Wewe uko Mombasa, mahali ambapo hata chumvi ya mezani inaganda ndani ya kikopo chake. Halafu ongeza harmonika yenyewe: pumzi ya moto yenye mate, inapulizwa kwenye wavu kwa karibu kabisa, saa nzima, viganja vimefunika kila upande. Waliozitengeneza hawakuwa wanamfikiria mpiga harmonika. Zilikuwa maiki za matangazo ya ukumbini na za kuongelea redioni.

Niliwahi kuletewa moja kutoka pwani. Mwenyewe alikuwa ameambiwa na "mtaalamu" fulani kwamba sauti ikififia uizike ndani ya mchele siku mbili, halafu uianike juani. Akaianika juu ya dashibodi ya gari. Nilipofungua, mpira unaoshikilia elementi ulikuwa umekuwa kama lami, ukanasa vidoleni. Nikaondoa kiwambo cha bati. Chini yake, mahali pa fuwele, palikuwa na uji mweupe uliokauka pembeni, kama chumvi iliyosahauliwa kwenye kibakuli msimu wa masika. Sikuwa na la kutengeneza pale. Mchele haufufui fuwele, jua linaiua, na anayekuambia ataipasha kwa mashine ya kukaushia nywele "ili iamke" usimwachie hata skrubu zako.

Kwa hiyo JT-30 ya fuwele, kwako, hapana. Hata kama ni nzima leo.

Lakini hilo silo linalonikera zaidi. Linalonikera ni hili la "nataka sauti ya Little Walter" kisha mkono unaenda mfukoni. Yule bwana alikuwa anafumbata maiki na harmonika kwa pamoja, viganja vimeziba kabisa, na kuiingiza yote kwenye amplifaya ya vali iliyofunguliwa hadi inalia. Ule unene unazaliwa hapo, ndani ya viganja. Ukiziba vizuri, hewa haina pa kutokea, shinikizo linapanda juu ya kiwambo, besi inajaa, elementi inaelemewa na vali ya kwanza nayo inaelemewa. Ndiyo mikwaruzo unayoipenda.

Wanaokuja karakana kwangu na swali hili nawapa maiki ya karaoke, ya bei ya chini kabisa, nawachomekea kwenye amplifaya ya vali. Fumbata, piga tundu la nne kwa kuvuta. Sauti inakuja nzito. Kisha namwambia alegeze kidole kidogo cha mkono wa kushoto, hicho tu. Sauti inakonda papo hapo, inakuwa ya redio ya mkulima. Rudisha kidole, unene unarudi. Mtu anatazama mkono wake kama hakuwahi kuuona. Fanya jaribio hilo wewe kabla hujatuma hela kwa yeyote, maana kama viganja vyako vinavuja, hata maiki ya dhahabu itavuja navyo.

Sasa Green Bullet. Shure walianza kuiuza mwaka 1949, namba yake 520, na ndani ya zile za zamani mna koili, sumaku na ulimi wa chuma. Lebo ya nyuma ya elementi imeandikwa Controlled Reluctance au Controlled Magnetic. Zote mbili zinafaa, usiingie kwenye ubishi wa watu wanaosema moja ni ya mbinguni na nyingine ya duniani. Unyevu hauzipendezi, lakini haziyeyuki. Adui wao ni kuanguka, maana waya wa koili ni mwembamba kama unywele. Mwambie muuzaji afungue, apige picha ya lebo, kisha apime koili kwa mita. Mita ikitoa namba, koili haijakatika. Ikionyesha hakuna njia, hapo anakuuzia pambo la kabatini.

Angalia na uzito. Green Bullet ni nzito na nene, na ukiwa na viganja vidogo hutaweza kuiziba. Tafuta kopo lenye unene unaokaribiana, lishike pamoja na harmonika nyimbo mbili tatu, uone vidole vinasema nini.

Ukishaipata, chomeka kwenye amplifaya yako ya vali, siyo moja kwa moja kwenye mikisa. Maiki hizi zina impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti) kubwa, na mlango wa maiki wa mikisa unazinyonga; utapata sauti ya mbu. Waya usiwe mrefu kupita haja, kwa sababu kwenye maiki ya koili ya namna hii waya mrefu unakula sauti za juu. Itapiga mluzi mapema ukiongeza sauti, hiyo ni kawaida, maana inasikia pande zote. Simama mbali na spika, isiwe mgongoni kwako, na uwe na kitufe cha sauti kwenye maiki yenyewe.

Kuhusu wauzaji, nakuonya wewe na wote wanaosoma. Siku hizi kuna watu wananunua maganda matupu, wanatia ndani elementi ya kauri ya bei ya chai, wanaandika "asili" na "imechaguliwa kwa mkono", bei wanapandisha mara tano. Kauri haina kosa, kwa hali ya hewa ya pwani hata inavumilia kuliko fuwele. Kosa ni kuuziwa kauri kwa bei ya kumbukumbu ya Chicago. Neno "kali" kwenye tangazo halipimwi na mita yoyote niliyonayo. Akisema ganda limegundishwa hivyo hawezi kulifungua, usimjibu tena.

Na muulize kama inakuja na waya wake. Plagi ya hizi za zamani ni ya kukaza kwa kuzungusha, siyo ile ya gitaa wala ya maiki za kawaida, na Kariakoo nzima nimeitafuta nikaishia kuagiza nje.