Usimalize masomo ya msingi kwanza, utalia

Mkuu uliyeomba ushauri wa kupanga masomo ya chuo, futa hiyo ratiba. Ifute, halafu ndiyo tuongee.

Unaingia chuo cha Wajesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki) Marekani, unataka baiolojia, na umeshauriwa miaka miwili ya mwanzo "umalizane na masomo ya msingi", yale ya lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo: falsafa, teolojia, historia, fasihi. Sayansi ije baadaye, kichwa kikishatulia. Mshauri wangu aliniingiza mkenge kwa maneno hayohayo, akitabasamu, na mshahara alikuwa anapokea.

Sikiliza. Baiolojia inadai kemia, na kemia ya mwaka wa kwanza ni mihula miwili inayofuatana; mara nyingi sehemu ya kwanza huanza muhula wa vuli, ule unaofungua mwaka wa masomo. Bila hiyo huingii kemia ogani (kemia ya misombo ya kaboni), nayo ni mihula miwili. Bila kemia ogani, baiokemia utaisikia kwa wenzako. Sasa piga hesabu: ukianza mwaka wa tatu, kemia ogani inakukuta mwaka wa nne, na baiokemia inakusubiri mwaka ambao mfadhili wako ameshakuaga. Wangu alilipia mihula minane, basi. Iliyobaki nikaifuata kwa mkopo, na huo mkopo bado tunasalimiana kila mwisho wa mwezi.

Wenzangu wanaandika ripoti za utafiti, mimi nimevaa koti jeupe na watoto wa mwaka wa kwanza, wengine wakidhani ni mwalimu msaidizi. Sikuwakatalia. Sababu nne za kila kitu, alizofundisha mwanafalsafa Aristotle, nilikuwa nazijua zote. Ya tano, iliyonichelewesha kuhitimu, ilikuwa ofisi ya ushauri.

Kinachoniuma ni kwamba falsafa na teolojia hazina haraka hiyo. Kozi nyingi za msingi unaweza kuzisoma hata mwaka wa nne, na maadili yanakolea zaidi ukiwa umeshaona maabara yanahusu nini. Tena sayansi yako yenyewe kwa kawaida inapunguza huo mzigo. Chukua Boston College (sikusoma hapo): msingi wao ni kozi 15, na humo mbili ni za sayansi asilia na moja ya hisabati. Mtu wa baiolojia anazigusa hizo akiwa kwenye njia yake, bila kujua kama amefanya ibada ya ziada. Mimi nilichukua kozi ya sayansi ya "wasio wanasayansi" ili nimalize msingi mapema! Haikunifungulia mlango wowote mbele.

Na wasikwambie ndiyo utamaduni wa Wajesuiti. Ratio Studiorum, mwongozo wao wa masomo wa mwaka 1599, ulipanga hatua kwa hatua: sarufi, fasihi, balagha (ufundi wa kusema), kisha falsafa, kisha teolojia. Hao watu walijua kipi kinatangulia kipi. Aliyesahau ni yule wa ofisini.

Kwa hiyo mnyororo wa kemia na hisabati uanze muhula wa kwanza. WA KWANZA. Pembeni weka kozi mbili za msingi kila muhula, na upendelee zile ambazo kozi moja inafuta mahitaji mawili.

Uliuliza pia kama lazima uwe Mkatoliki: hapana. Kuhusu bweni na lugha ya kigeni watajibu wengine, mimi hasira zimenipanda. Weka hapa orodha ya kozi za muhula wako wa kwanza tuione kabla usajili haujafungwa.