Draiva imesakinishwa bila kosa, Wi-Fi bado haionekani: tatizo liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina laptopu ya miaka kadhaa, nimeweka Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, kando ya Windows. Nikiwa Windows, Wi-Fi inashika vizuri. Nikiingia Ubuntu naambiwa "No Wi-Fi Adapter Found". Nimeunganisha simu kwa waya wa USB nikapata intaneti, kisha nikafuata maelekezo ya watu watatu: mmoja alinipa draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kadi za Realtek, mwingine akasema nitumie ndiswrapper, wa tatu akaniambia nisakinishe bcmwl-kernel-source. Hii ya mwisho iliingia bila kosa lolote, ikaniomba nitunge neno la siri, nikatunga. Nilipowasha upya ikaja skrini ya buluu yenye maandishi nisiyoyaelewa, nikachagua Continue boot, mashine ikaendelea kuwaka. Wi-Fi hakuna. Nimesakinisha Ubuntu upya mara mbili na kurudia yale yale, matokeo hayabadiliki. Je, kadi imekufa, au Linux haiiwezi? Nimeambatisha majibu ya lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya mashine.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa kuhangaika. Kadi ni nzima, ingekuwa imekufa isingeshika hata huko Windows. Na Linux inaiweza. Kosa umelitaja mwenyewe bila kujua: ni ile skrini ya buluu uliyoipita. Nitaifikia, ila kwanza tusome ulichonitumia, maana hapo ndipo ulipaswa kuanzia kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya wale watatu.

Amri yako ilikuwa lspci -nnk. Nikiondoa mistari isiyotuhusu, yanabaki haya:

02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
Kernel modules: bcma, wl

Namba ya kushika ni 14e4:4365. Nusu ya kwanza inamtaja mtengenezaji wa chipu, nusu ya pili inaitaja chipu yenyewe. Jina lililobandikwa kwenye mfuniko wa laptopu halitusaidii kitu, kwani laptopu mbili za jina moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi mbili tofauti ndani. Aliyekupa draiva ya Realtek pengine ana laptopu kama yako kabisa, na kwake ilikubali. Kwako haiwezi kukubali hata ukiisakinisha mara mia. Ndiswrapper nayo ilikuwa njia ya kuazima draiva ya Windows na kuitumia ndani ya Linux, zama zile kadi nyingi hazikuwa na njia nyingine. Zama hizo zimepita, achana nayo.

Sasa tazama kisichokuwepo. Kadi inayofanya kazi huwa na mstari mmoja zaidi hapo chini, unaoanza na Kernel driver in use. Kwako haupo. Maana yake kerneli, yaani kiini cha Linux, imeiona kadi, inajua hata moduli (vipande vya draiva) za kuiendesha, lakini hakuna moduli iliyoishika. Kwa hiyo usiguse ruta, usiguse mipangilio ya mtandao, usibadili neno la siri la Wi-Fi. Huko hatujafika.

Kwa nini chipu hii inasumbua wakati laptopu nyingine hushika Wi-Fi tangu dakika ya kwanza? Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya kerneli yenyewe, msimbo wake uko wazi, zinasasishwa pamoja nayo. Broadcom walitoa draiva huria ya brcmsmac mwaka 2010, lakini inahudumia chipu chache tu na BCM43142 haimo. Kwa chipu yako iliyobaki ni moja, inaitwa wl. Sehemu kubwa ya wl ni msimbo uliofungwa, hivyo haiwezi kuingizwa kwenye kerneli. Inakuja kama kifurushi cha pembeni, na mashine yako mwenyewe ndiyo inayoijenga kwa msaada wa programu iitwayo DKMS. Kifurushi hicho ndicho bcmwl-kernel-source. Kwa hiyo yule wa tatu alikuwa sahihi.

Tatizo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokataa programu za kuwashia zisizosainiwa na anayeaminika. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa kupakia moduli isiyo na saini ya kidijitali ambayo kerneli inaitambua. Moduli za Ubuntu zinakuja zimeshasainiwa. Moduli iliyojengwa kwenye mashine yako husainiwa kwa ufunguo uliozaliwa humo humo, na mashine haina sababu ya kuuamini ufunguo huo mpaka wewe, ukiwa umekaa mbele ya kibodi, useme uaminiwe. Ndiyo sababu ya neno la siri uliloombwa kutunga, na ndiyo kazi ya ile skrini ya buluu: ilikuwa inakuuliza kama ufunguo uandikishwe. Uliposema Continue boot, ombi likafutwa. Draiva ipo kwenye diski, imejengwa vizuri, lakini mlangoni haipiti. Kusakinisha Ubuntu upya kulikurudisha kwenye mlango ule ule.

Hakikisha kwanza kwa amri mbili:

mokutil --sb-state
sudo modprobe wl

Ya kwanza ikijibu SecureBoot enabled, na ya pili, inayojaribu kupakia wl, ikilalamika Key was rejected by service au Operation not permitted, basi ndiyo yenyewe. Omba uandikishaji upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utatakiwa kutunga neno la siri lingine. Hili halihusiani na neno lako la kuingilia Ubuntu, linatumika mara moja tu. Weka tarakimu na herufi ndogo za kawaida, mathalani kumi hivi, bila alama za ajabu, kwa sababu skrini ya buluu hutumia mpangilio wa kibodi ya Kimarekani na utakachobonyeza huenda kisiwe ulichokusudia.

Washa upya na usiinuke kwenye kiti. Skrini ya buluu itakwambia ubonyeze kitufe chochote, na hesabu itaanza kushuka kutoka 10. Usipobonyeza, itajiendea na ombi litapotea tena. Bonyeza, chagua Enroll MOK (MOK ndio ule ufunguo wa mashine yako), kisha Continue, kisha Yes, andika lile neno (hutaona hata nukta ikitokea unapoandika, wengi hudhani kibodi imekwama), halafu Reboot. Ubuntu ikishawaka, rudia lspci -nnk. Safari hii mstari wa Kernel driver in use: wl unatakiwa uwepo, na majina ya mitandao yajipange kwenye kona ya juu.

Kuna njia ya mkato: kuingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya mfumo kuwaka, na kuzima Secure Boot. Inafanya kazi, na mafundi wengi huishia hapo. Mimi siipendi kwa mashine yenye Windows pembeni. Kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, kubadili Secure Boot kunaweza kuifanya idai ufunguo wa kurejesha, na mwenye laptopu mara nyingi hana habari kama ufunguo huo upo. Kuandikisha ufunguo ni kazi ya dakika tano.

Wenye chipu nyingine mnaosoma hapa, msiyachukue haya kama yalivyo. Kadi za Intel zinaendeshwa na iwlwifi iliyomo ndani ya kerneli, na zikigoma mara nyingi kinachokosekana ni femwea, lile faili ambalo kadi hupakiwa inapoamka. Andika sudo dmesg | grep iwlwifi, itakutajia jina la faili inalolitafuta. Kwa Debian hili lilikuwa kero ya kudumu hadi toleo la 12 la mwaka 2023, ambalo kisakinishi chake kinakuja na femwea hizo. Wenye Realtek RTL8723BE wanaoona mtandao pale tu wanapokaa karibu kabisa na ruta, draiva yao inasikiliza antena isiyounganishwa. Mstari huu ndani ya faili jipya la /etc/modprobe.d/ huwa unatosha, ukifuatiwa na kuwasha upya:

options rtl8723be ant_sel=2

Namba 2 ikishindwa, jaribu 1.

Na wote, kabla ya yote, andikeni rfkill list, amri inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa kwa swichi au programu. Niliwahi kukesha na laptopu ya mteja nikijenga na kubomoa draiva, asubuhi nikaona rfkill inasema Hard blocked: yes. Pembeni mwa mashine kulikuwa na swichi ndogo ya kuteleza, imezimwa, labda na mkoba tu. Sikumtoza.

Turudi kwako. Wi-Fi ikishawaka, usishangae usipoona mtandao mmoja ambao simu inauona. BCM43142 inasikia masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta yako ikitangaza majina mawili, lile la GHz 5 halitatokea kamwe kwenye laptopu hii, hata huko Windows.

Jambo la kukaa nalo macho ni masasisho ya kerneli. Kila kerneli mpya ikiingia, DKMS lazima iijenge wl upya, na wl yenyewe haijapata toleo jipya kutoka kwa Broadcom tangu 2015. Wasimamizi wa Ubuntu huitia viraka ili iendane na kerneli za sasa, ila kuna siku kiraka huchelewa. Siku Wi-Fi ikipotea ghafla baada ya sasisho, shikilia Shift au gonga Esc mashine inapowaka, ingia Advanced options for Ubuntu, chagua kerneli ya zamani. Wi-Fi ikirudi, umepata jibu. Kaa kwenye kerneli hiyo hadi kiraka kifike. Ukichoka na mchezo huo, badilisha kadi. Ya Intel ya ndani ndiyo ningechagua, lakini uliza kwanza kama BIOS ya laptopu yako haikatai kadi ngeni, maana zipo zinazokataa. Ikikataa, tafuta kadi ya USB ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli, kama zile zenye chipu ya MediaTek MT7612U.

Ukiandikisha ufunguo na modprobe bado ikagoma, nitumie majibu ya dkms status pamoja na uname -r, nione kama wl imejengwa kwa kerneli ile ile unayoitumia.