Mwanangu, kabla hamjashuka Naples

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenikuta salama. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na mkwe wangu mmekata tiketi ya meli ya kitalii, na kwamba mtashuka Barcelona huko Hispania, kisha Civitavecchia na Naples huko Italia. Unasema mwenzako wa kazini amekutisha, eti mtalii akitia mguu gatini tu anaporwa. Ukaniuliza, "Mama, wewe ulifanya kazi melini miaka sita. Tushuke au tubaki zetu humo ndani? Na tukishuka, tubebe nini?"

Shukeni. Miji hiyo ni mizuri mno kuishia kuitazama kwa mbali mkiwa sitahani, na watu wengi sana hushuka asubuhi wakarudi jioni bila kupoteza hata leso. Lakini kabla sijakueleza namna ya kushuka, kuna jambo nililokuficha tangu ulipokuwa darasa la tano.

Unaukumbuka mwaka niliorudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa kwenye hogo? Niliwaambia, wewe na bibi yako, kwamba niliteleza kwenye ngazi za meli. Haikuwa hivyo. Ilikuwa Naples. Tulipewa mapumziko ya muda wa saa nne, na wakati ule wafanyakazi tulilipwa taslimu, dola mkononi. Nikatia mshahara wa miezi miwili kwenye mkoba, nikaenda kutafuta pa kuwatumia fedha. Nilitembea ukingoni mwa barabara, mkoba begani, upande wa magari. Nikasikia pikipiki nyuma yangu, zile ndogo zilizojaa kila kona ya mji ule. Sikugeuka, maana nyingi zilikuwa zimekwisha kupita. Aliyepakiwa akanyoosha mkono, akaudaka mkanda wa mkoba. Nami nikaushika.

Niliushika kwa sababu ndani mlikuwa na ada yako na ya kaka yako. Pikipiki haikusimama. Iliniburuta hatua labda sita, nikaangukia mkono, na mkoba wakaenda nao vilevile. Waitaliano wana jina la wizi wa namna hiyo, wanauita scippo, hata watoto wanalijua. Kwa bibi yako nilidanganya kwa kuwa angeniamuru niache kazi siku ileile, na ada isingekuwa na pa kutoka. Wewe nilikudanganya kwa sababu hukulala vizuri kila nilipoondoka. Nisamehe, mwanangu.

Nimekusimulia kwa sababu majibu yangu yote yanatoka hapo. Mtaa ule ulikuwa na jua na watoto wakicheza mpira. Hakuna mtu ambaye angekukataza kupita. Kilichonivunja mkono ni kubeba kitu ambacho moyo wangu usingekubali kukiachia. Basi usiku wa kuamkia bandari, tandazeni kitandani kila mnachotaka kushuka nacho, mkishike kimoja kimoja, na ujiulize: mtu akikivuta hiki ghafla, vidole vyangu vitafunguka vyenyewe? Ukisita, kitie kwenye sefu ya chumbani.

Humo sefuni zitalala cheni, bangili na ile pete ya ndoa yenye jiwe. Mwambie mkwe wangu saa yake nayo ibaki, hata akinung'unika. Barcelona na Naples kuna wezi ambao kazi yao ni saa za bei tu, na wanaitambua saa ya mtu wakiwa ng'ambo ya barabara. Kadi ya pili ya benki ibaki, na sehemu kubwa ya fedha zenu pia. Pasipoti ni hivyohivyo: meli nyingine huzishika zenyewe, nyingine humwachia abiria. Kama mmeachiwa, chukueni nakala ya karatasi na picha kwenye simu, na yenyewe ibaki, isipokuwa tangazo la meli liseme bandari ya siku hiyo inaitaka. Fedha iliyoporwa mtaichuma tena. Pasipoti yenye viza ikienda, mnaweza kukatiziwa safari nzima bandari inayofuata, mkaanza kuzungukia ubalozi badala ya kula chakula cha jioni.

Mtakavyoshuka navyo havijazi kiganja. Kadi ya meli, kwani bila hiyo hampandi. Kitambulisho chenye picha, ambacho bandari nyingi huuliza. Kadi moja ya benki, euro 50 au 60 zilizogawanywa mahali pawili, simu, na kikaratasi chenye namba ya benki ya kufungia kadi. Kikaratasi hicho usikidharau. Nimewaona wageni wakilia mapokezi kwa sababu namba zote za kuwasaidia zilikuwa ndani ya simu iliyokwapuliwa.

Sasa sikiliza kitu ambacho abiria wengi hawakifikirii. Mimi nilikuwa nasafisha vyumba, kwa hiyo niliwaona wakitoka: kadi ya meli inaning'inia shingoni, taulo lenye nembo begani, stika ya matembezi kifuani. Kibaka aliyeko nje ya geti haulizi kitu. Anajua umetoka meli gani, anajua hujui njia, na zaidi ya yote anajua kwamba saa kumi na moja jioni utakuwa umekwisha kuondoka na hutarudi kumtambua mbele ya polisi wala hakimu. Ndiyo maana tunapendwa, mwanangu. Kwa hiyo kadi iende mfukoni kabla hamjafika chini ya ngazi, stika itolewe basi likishawaacha, na nguo ziwe za mtu anayekwenda sokoni siku ya kawaida.

Na ile saa ya kurudi nayo inawafanyia kazi wao. Meli hutangaza muda wa kupanda, mara nyingi nusu saa au zaidi kabla ya kung'oa nanga, na wanaozurura kwa mipango yao wakichelewa huwa haiwasubiri. Basi ikifika saa ya mwisho watu wanakimbia, wanakata njia kwenye vichochoro, wanasimama katikati ya watu simu mkononi kutafuta ramani, wanachomoa fedha kwenye mashine ya barabarani bila kuangalia nyuma. Panga kurudi saa mbili nzima kabla ya muda huo wa kupanda. Mtu asiye na haraka anayo macho.

Barcelona, kutoka magati ya Moll Adossat, basi huwashusha watu kwenye mnara wa Columbus, na hapo ndipo La Rambla inapoanzia. Maana yake hatua yenu ya kwanza mjini itakuwa kwenye mtaa ambao wachomoaji wa Barcelona wanaupenda kuliko yote. Hawa si watu wa nguvu; ni mafundi. Mmoja atakuonyesha kwamba ndege amekuchafua begani, atatoa tishu akusaidie kufuta, na mwenzake atakuwa tayari amefika kwenye mfuko wako. Mwingine ataweka karatasi juu ya meza yenu ya kahawa akiomba saini au msaada, na akiiondoa anaondoka na simu iliyokuwa chini yake. Simu haikai mezani, hata dakika moja. Mtu akikugusa nguo, akikuzawadia ua, akikufunga uzi mkononi, usisimame kumweleza chochote. Endelea kutembea. Najua nilikulea usimpite mtu bila kumjibu, na huko nakuruhusu umpite.

Kwenye treni ya chini ya ardhi, jihadharini zaidi na mlango. Mbele yako mtu anasimama ghafla kana kwamba amesahau kitu, nyuma yako mtu anakusukuma, na mlango unapofunga wote wawili wako nje na pochi yako. Mkwe wangu asiweke chochote mfuko wa nyuma wa suruali.

Civitavecchia si Roma, ni bandari yake tu. Kuna mwendo wa treni wa takriban saa moja, wakati mwingine zaidi. Mkienda wenyewe mtafikia stesheni ya Termini, na pengine mtapanda basi namba 64 kuelekea Vatican. Basi hilo linajulikana kwa wachomoaji kwa sababu linajaa mahujaji na watalii waliobanana. Mkilikuta limejaa, subirini linalofuata au tembeeni.

Naples ndiyo inayonishika koo, utanielewa. Meli inatia nanga karibu kabisa na mji, ngome ya Castel Nuovo mnaiona mbele yenu, na hapo raha na hatari ziko hatua chache kutoka ngazini. Tembeeni upande wa ukuta, si wa barabara. Mkoba usiwe na kitu, au usiwepo kabisa, hilo ndilo ninalolipenda. Watu watakushauri uvae mkanda kukingama kifua, na ni kweli unasaidia dhidi ya mchomoaji. Lakini pikipiki ikiuvuta mkanda uliokuzunguka mwili, hata ukitaka kuachia huwezi. Mkitaka kupiga picha, simameni mgongo ukiwa ukutani, piga, rudisha simu ndani, ndipo mtembee. Treni ya Circumvesuviana iendayo kwenye magofu ya Pompeii hubana watu sana; hapo vimkoba vikae ndani ya nguo na mikono iwe mbele.

Akija mtu na kisu au bunduki, ambalo katika miji hiyo mitatu ni nadra kuliko kuchomolewa, mpeni anachotaka bila kumtazama usoni, bila maneno. Februari 2012, huko Puerto Vallarta nchini Mexico, abiria 22 wa meli ya kitalii waliokuwa kwenye matembezi ya basi waliporwa na mtu mwenye silaha. Walitoa kila walichokuwa nacho na hakuna aliyejeruhiwa. Nilipoisikia habari ile niliutazama mkono wangu muda mrefu. Na mkwe wangu umwambie hili kwa maneno yako mwenyewe, maana wanaume huona aibu kuporwa mbele ya wake zao: asimkimbize mwizi. Anayekimbia ana mwenzake mbele, kwenye kona usiyoijua.

Likitokea, ingieni kwanza mahali penye watu, dukani au hotelini. Namba ya dharura ni 112, Hispania na Italia zote, na hailipiwi. Fungeni kadi ya benki, kisha simu kwa kutumia ya mwenzio. Polisi waombeni hati ya taarifa. Kwa Kihispania na kwa Kiitaliano inaitwa denuncia, na bila karatasi hiyo kampuni ya bima haitakusikiliza. Ila muda ukiwa umebana, pandeni meli, mkaeleze mapokezi. Huko wataifunga pia kadi yenu ya meli na kuwapa nyingine. Kwenye ile karatasi ya ratiba ya kila siku kuna jina na simu ya wakala wa meli wa bandari hiyo. Kata kipande hicho ushuke nacho. Meli ikiwaacha, wakala ndiye mtu wenu, na mara nyingi maofisa wa meli walikuwa wakitumwa kufungua sefu ya abiria aliyekosekana ili pasipoti yake iachwe kwa wakala kabla ya kuondoka.

Ndani ya bahasha hii utakuta kimkoba cha kitambaa. Nimekishona mwenyewe, kinavaliwa kiunoni chini ya gauni, kina mifuko miwili, mmoja wa kadi na mmoja wa fedha. Kamba yake nimeifunga kwa kibanio kinachoachia kikivutwa kwa nguvu, na nimekijaribu mara nyingi kwenye kitasa cha mlango. Kivae siku mbili tatu kabla ya safari uone kama kinakukwaruza. Cha mkwe wangu bado sijakikata. Niandikie kipimo cha kiuno chake wiki hii.

Nakupenda,
Mama yako