Fundi Anajibu: Redio ya babu, kipi kibaki orijino?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi redio ya babu, Philips ya mbao yenye valvu tano (zile taa za kioo za ndani), nimezisoma ni ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80. Imekaa stoo miaka na miaka. Kuna fundi wa mtaani kasema aitoe matumbo yote aniwekee amplifaya ya bluetooth, nikamkatalia. Mi naitaka orijino kabisa, hata kapasita (vile vihifadhi umeme) nataka za zamani hizo hizo. Je naweza kuiwasha kwanza nione kama inaongea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na umefanya la maana kumkatalia. Ila usiichomeke kwanza!

Hapo kwenye kapasita ndo tunapishana. Valvu, transfoma, spika, kioo cha stesheni, vitufe na kitambaa cha mbele, hivyo vyote pigania vibaki. Lakini zile kapasita za karatasi zenye nta au lami karibu zote zishakula unyevu, na hata iliyokaa kwenye boksi haijawahi kutumika imezeeka humo humo, kwa hiyo ukiagiza za zamani unanunua ugonjwa. Mbaya zaidi ni ile inayotoka EABC80 kwenda pini namba 2 ya EL84 (valvu inayosukuma spika), mara nyingi ni ya 0.01 maikrofaradi. Hiyo ikivujisha, volti chanya zinaingia kwenye gridi (sehemu inayodhibiti umeme ndani ya valvu), EL84 inavuta umeme kupita kiasi mpaka inakuwa nyekundu kwa ndani, na ikifa inaweza kuondoka na transfoma ya spika ambayo kuipata ni shughuli. Yani kitu cha bei ya andazi kinakuulia redio nzima.

Weka mpya za plastiki, thamani ile ile, volti 630. Ukitaka macho yaone uzamani, ipashe ile kuukuu kwa draya ya nywele, sukuma utumbo wake utoke, ingiza mpya ndani ya ganda halafu ziba kwa nta ya mshumaa, hakuna atakayejua. Kapasita kubwa za kuchuja umeme nazo badilisha, ila usizidishe ukidhani unaboresha, ile ya kwanza baada ya EZ80 (valvu inayonyoosha umeme wa AC kuwa DC) mwisho wake ni maikrofaradi 50, weka 47 ya volti 450. Za seramiki ziache.

Valvu usizibadilishe kwa sababu tu ni za zamani, nyingi bado nzima, na usifute maandishi yake kwa kitambaa kibichi maana yanatoka yote. EL84 ikiwa imechoka bado zinatengenezwa mpya, au tafuta ya Kirusi 6P14P, inakaa palepale bila kubadili waya.

Siku ya kuwasha, angalia swichi ya volti kwa nyuma, kama ina 220 na 245 weka 245, umeme wetu unapanda. Unga globu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfuatano na redio, yaani umeme upite kwenye globu ndo ufike kwenye redio (sio ya LED), ikiwaka kwa nguvu na isififie zima haraka, kuna shoti. Na hata ukishachomoa, humo ndani volti 250 na ushee zinaweza kubaki, zimalize kwa rezista, sio kwa bisibisi kama wanavyofanya wengine.

Kama ina FM usishangae, nyingi za enzi hizo zinaishia megahezi 100, kwa hiyo stesheni za 101 kwenda juu hutazipata na hilo sio ubovu.