Jibu: ChatGPT kwenye sura ya pili ya tasnifu

Ndugu, umeuliza kama ni kosa kuipa ChatGPT aya zako za sura ya pili izinyooshe, kisha ikutafutie na marejeo. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kwa lugha, soma mwongozo wa idara, na umwandikie msimamizi barua pepe ili jibu lake ubaki nalo. Akikubali, andika rasimu mwenyewe kwanza. Iambie programu ikuonyeshe makosa ya sarufi bila kuandika upya, halafu urekebishe kwa mkono wako. Kwenye tamko la matumizi ya akili bandia ndani ya tasnifu, taja programu, sehemu ulizoitumia na kwa kazi gani.

Marejeo ndiyo hatari kubwa. Programu hii hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo inaweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Mwaka 2023 mawakili huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi za kubuni zilizotoka ChatGPT. Bandika DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) ya kila rejeo kwenye tovuti ya doi.org; isipofunguka, au ikileta makala nyingine, rejeo hilo usilitumie mpaka ulipate maktaba. Ikifunguka sawa, soma ukurasa wenyewe unaounukuu. Kwenye muhtasari wa programu, "sampuli ya watu 40" hugeuka "utafiti umethibitisha" kirahisi mno.

Usihangaike kushusha asilimia za vigunduzi, yaani programu zinazokisia ni kiasi gani cha maandishi kimeandikwa na akili bandia. OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, ilikifunga cha kwake Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Andika kazi yako kwenye Google Docs, ambako historia ya matoleo inaonyesha kazi ilivyokua aya kwa aya. Ukiitwa kwenye kamati kuulizwa kama kazi ni yako, fungua hiyo.